Usipokee

Kabla hajapanda basi la kwenda uwanja wa ndege
Yaledi alinikalisha kwenye kibanda cha kuchajia simu
akanifundisha hesabu ambayo shule ya Hombolo haikuifundisha:
mlio mmoja, nimefika.
Miwili, nimekula, nimelala, sina neno.
Mitatu, ita watu, kuna jambo.
Na wewe vivyo hivyo. Piga, kisha kata.
Maana nikipokea nikiwa kule, alisema,
hata kama umepiga wewe, nakatwa mimi,
elfu mbili kwa dakika,
kwa kusikiliza tu.

Nikacheka. Mtu alipie masikio yake mwenyewe?

Walikwenda wanne wa ushirika wetu, hadi Uturuki,
kuangalia mitambo ya kukaushia zabibu.
Sisi jua tunalo hadi la kugawa,
ila zabibu zetu zinaozea shambani
zikingoja lori la mnunuzi.

Usiku wa pili, mlio mmoja.
Nyemo akaruka kitandani: Baba kafika!
Mama mkwe akaguna.
Kafika wapi, na hajasema kitu?
Kwake simu isiyopokelewa
ni mgeni aliyebisha hodi akakimbia.

Siku tisa tukaishi kwa kuhesabu.
Miwili asubuhi, miwili usiku.
Saa zao na zetu ni zilezile, nilishangaa,
ila kule giza linawahi,
kwa hiyo nilipokuwa nikikamua mbuzi kwa mwanga wa mwisho
yeye alikuwa ameshawasha taa.
Nikazoea kuikodolea macho simu,
nikijua kidole chake kiko tayari juu ya kile kitufe chekundu.
Ndoa yetu yote ikakaa hapo,
kati ya mlio na kukatwa.

Na nilikuwa na mengi.
Mbuzi mwekundu amezaa pacha, mmoja amekufa.
Chiduo wa kibandani amepandisha bei ya kuchaji.
Nimeota umenenepa.
Hayo hayana idadi ya milio.

Siku ya kumi, mchana,
upepo ukashuka kutoka Chenene na vumbi lake lote.
Hatukuwa tumeona tone tangu Aprili.
Ikaanza harufu.
Kisha bati letu likalia mara moja, kama mtu karusha kokoto,
kisha la jirani,
kisha kijiji kizima.

Nikapiga.
Mmoja. Miwili. Mitatu.
Sikukata.
Najua moyo wake ulidondokea tumboni,
najua alimfikiria mama yake.
Akapokea: "Kuna nini?"
Sikujibu. Nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa,
nikainua simu mpaka ikagusa paa.

Mkono ukaniuma, nikabadilisha.
Nyemo alikuwa nje uchi, anapiga kelele,
ndoo, sufuria, hata kifuniko cha sufuria, vyote uwanjani.
Nilipoirudisha sikioni
nilisikia pumzi yake,
ndefu, kama ya mtu anayekunywa maji bila kushusha kikombe.
Halafu kimya. Salio limekwisha.

Mama mkwe akauliza: Amesema nini?
Hajasema kitu, mama.
Akautazama mlango, ule ukungu wa maji.
Afadhali leo, akasema.

Kesho yake nilikuwa shambani,
mbegu za uwele kiganjani, simu kwenye fundo la kanga.
Ikalia, kwa namba ya Mwaluko mwenzake,
kwa kuwa yake haina hata senti.
Mmoja.
Miwili, nikatabasamu.
Mitatu, nikasimama.
Minne.

Mlio wa nne hatukuwahi kuuwekea maana.
Mikono yangu ilikuwa na matope.
Ukaja wa tano, nikauacha ulie kiunoni,
nikaendelea kufukia.